Miezi saba

Shoga yangu mmoja kanitumia voisi ya dakika kumi na moja. Dakika kumi na moja jamani, mwanzo nilidhani kabonyeza kwa bahati mbaya akatumbukiza simu kwenye mkoba. Nikaisikiliza huku naosha vyombo, vyombo vikaisha hajafika kwenye swali. Swali lenyewe lilikuja dakika ya tisa huko: talaka yake ina miezi mitatu, yule kaka anataka waoane kabla mwaka haujaisha, sa je, ni mapema?

Na kaniuliza mimi sababu mi ndo yule aliyeolewa tena baada ya miezi saba, watu wakakaa kuhesabu kwa vidole.

Nimeandika jibu nikafuta mara nne. Jibu fupi linakuja la uongo kila nikilijaribu, nikiandika "subiri" najiona mnafiki, nikiandika "nenda tu" najiona muuaji, basi wacha nieleze kwa kirefu na yeye atasoma akitulia.

Kwanza hao wa vidole. Mtalaka wangu yeye alioa wiki kumi baada ya karatasi kutoka, kumi, mi nimezihesabu maana na mimi nina vidole. Nikasikia watu wakisema mwanaume hawezi kukaa peke yake, nani atamwangalia maskini, na wengine wakaenda kwenye sherehe na zawadi. Mi nilipokuja na miezi yangu saba ikawa hee, hata machozi hayajakauka, huyu lazima walianza zamani. Shangazi yangu, ambaye kwa kweli ananipenda na sina neno naye, aliniita pembeni akaniambia mwanangu, ungewaacha watu wasahau kwanza. Nikamuuliza wasahau nini shangazi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Wasahau tu." Mpaka leo najiuliza.

Utetezi wangu siku zile ulikuwa umenyooka na nilikuwa nausema kama nasoma risala. Nilikuwa nasema ndoa yangu haikufa siku ya mahakama. Nilikuwa nshahamia chumba cha mtoto miaka miwili kabla, kesi yenyewe ikachukua zaidi ya mwaka na kuahirishwa kusikoisha, leo wakili hajaja, kesho faili halionekani, kwa hiyo ile karatasi ilipotoka ilikuwa kama cheti cha kifo cha mtu aliyezikwa kitambo na hata kaburi limeshaota majani. Mi nilishalia zamani, nililia ndani ya ndoa, nikiwa napiga pasi mashati ya mtu asiyenisalimia. Sasa mnataka nianze kulia upya ili mridhike nyinyi?

Bado naamini huo utetezi ni kweli. Ni nusu ya kweli. Ile nusu nyingine ndo nataka kumwambia shoga yangu.

Ila kabla sijafika huko, karatasi, maana naona watu wanaumia hapa. Sehemu nyingi jaji akishatamka talaka bado haijaisha, kuna muda katikati, wa rufaa au wa kungoja amri ya mwisho. Uingereza kwa mfano ukishapata amri ya kwanza unangoja wiki sita na siku moja ndo uombe ile ya mwisho. Kule Marekani jimbo la Wisconsin ni miezi sita toka hukumu, na ukijifanya mjanja ukavuka jimbo kwenda kuoana kwingine, wao ndoa hiyo hawaitambui. Ukiolewa hapo katikati ndoa yako inaweza kuwa batili, na kuna mahali unaweza kushtakiwa kabisa. Kwa Wakatoliki talaka ya mahakama haikufungulii mlango wa ndoa ya kanisani, mpaka ile ya kwanza kanisa lenyewe litamke kwamba ilikuwa batili. Kwa hiyo shoga yangu kabla hujauliza moyo wako uko tayari, chukua ile karatasi uisome mpaka chini kabisa kwenye tarehe na mhuri.

Halafu huu muda wa kusubiri una mambo yake. Japani toka 1898 sheria ilisema mwanamke aliyeachika asubiri miezi sita ndo aolewe tena, mwanaume hata siku moja, anaweza kutoka kwenye talaka akaingia kwenye ndoa kama anabadilisha basi. Ilichukua mpaka Desemba 2015 ndo Mahakama ya Juu ikasema kinachozidi siku 100 ni kinyume cha katiba, 2016 wakashusha zikawa 100, na tarehe 1 Aprili 2024 wakaufuta kabisa ule muda. Sababu ya kuuweka ilikuwa kujua mtoto akizaliwa ni wa nani. Eda nayo, ule muda wa kusubiri wa Waislamu, ukiitazama sehemu kubwa ni hiyo hiyo, twahara tatu (vile vipindi vya usafi kati ya hedhi na hedhi) au hedhi tatu kutegemea madhehebu, miezi mitatu kwa aliyekoma kupata siku zake, mjamzito mpaka ajifungue, na aliyeachwa kabla hajaguswa hana eda kabisa. Ingawa eda ina kitu kingine nakipenda, ikiwa talaka ni rejea mume anaweza kumrudia mkewe ndani ya ule muda, yaani mlango unaachwa umeegeshwa, haujafungwa kwa komeo.

Lakini zote hizo zinahesabu tumbo na karatasi. Kilichokuja kunisumbua mimi hakikuwa tumboni wala kwenye karatasi, na sidhani kuna bunge linaweza kukitungia sheria.

Na wale wanaosema ukiharakisha lazima ivunjike, wamuangalie Elizabeth Taylor, yule mwigizaji. Talaka yake na Eddie Fisher ilitoka tarehe 6 Machi 1964, tarehe 15 Machi kaolewa na Richard Burton. Siku tisa! Hiyo ndoa ya siku tisa ikakaa miaka kumi, wakaachana Juni 1974. Wakakaa zaidi ya mwaka, wakatafakari, wakarudiana Oktoba 1975 wakaoana tena huko Botswana, porini Chobe, mambo mazuri kabisa, na hiyo iliyosubiriwa haikufika hata mwaka, Julai 1976 wakaachana tena. Sasa niambie siku zinasema nini hapo. Upande wa pili yupo mfalme Henry wa Nane wa Uingereza, ndoa yake na Anne wa Cleves ilibatilishwa tarehe 9 Julai 1540, tarehe 28 mwezi huohuo kamuoa Catherine Howard, na Februari 1542 akamkata kichwa. Siku kumi na tisa. Kwa hiyo kalenda unaweza kuitumia kutetea chochote unachotaka, na mimi niliitumia sana.

Kuna takwimu moja ya Marekani ya 2002, ripoti ya serikali yao ya afya, ilionyesha ndoa za kwanza asilimia 33 zinakuwa zimevunjika ndani ya miaka kumi, na za baada ya talaka asilimia 39. Nilivyoiona nilishangaa tofauti ilivyo ndogo, maana kwa walivyonitisha nilitegemea 90.

Basi. Ile nusu nyingine.

Mwezi wa pili wa ndoa mpya, siku ya kazi ya kawaida, nikarudi nyumbani saa mbili kasoro usiku. Nimeingia mlangoni, mume wangu yuko jikoni, hajanigeukia hata, anauliza, "Umechelewa leo?"

Mimi nikaanza. Nikasema kikao kilianza saa tisa badala ya saa nane, halafu bosi akaongeza ajenda, halafu gari ya kwanza ilijaa nikaiacha, ya pili ikapita njia ndefu, unaweza kumpigia fulani alikuwa na mimi muulize, na hii hapa tiketi, nikafungua pochi natafuta tiketi, natoa karatasi naziweka mezani, risiti ya duka la dawa, vocha ya zamani, natafuta tiketi na mikono inatetemeka na sauti imeshapanda bila mimi kujua. Nikainua macho. Mwenzangu kasimama na mwiko mkononi ananiangalia kama mtu aliyeona ajali. Akasema taratibu, "Nilikuwa nauliza kama nipashe chakula sasa hivi au unaoga kwanza."

Sikuwa na jibu. Nikaenda kuoga, nikakaa bafuni muda mrefu maji yanatoka tu.

Maana lile swali kaniuliza yeye, ila jibu nimempa mtu mwingine. Kwa miaka tisa "umechelewa" nyumbani kwangu haikuwa swali, ilikuwa hati ya mashtaka, na mi nilikuwa nshajifunza kuingia mlangoni na ushahidi mkononi. Nimetoka kwenye ile nyumba na nguo, cheti cha mtoto na makaratasi ya mahakama, kumbe na utetezi wangu nao niliupakia, na nikaja kuufungulia mbele ya mtu ambaye hajanishtaki.

Hiyo peke yake ungesema sawa, mwathirika, ahurumiwe. Ila mimi nilipakia na vyangu vibaya. Mi nikikasirika huwa nanyamaza. Sinyamazi dakika tano, nanyamaza siku nne, tano, wiki, nakupikia nakutandikia kila kitu lakini neno hulipati, na najua linauma ndo maana nafanya. Katika hadithi yangu ya talaka, ile niliyokuwa nawahadithia watu na wakili na huyu mume mpya wakati tunachumbiana, hiki kipengele hakikuwemo. Hadithi yangu ilikuwa na mkosaji mmoja tu na hakuwa mimi. Na iko hivi, ukiachika unahitaji ile hadithi, inakushikilia, bila hiyo unaanguka, sikatai. Tatizo mi niliolewa nikiwa bado nimeishikilia kama mkongojo, kwa hiyo mume mpya aliposimuliwa nimeachika kwa sababu gani, alipewa nusu faili. Akaja kulimaliza kulisoma mwenyewe humu ndani, kwa kunyamaziwa siku sita mfululizo kwa sababu alisahau kunipigia simu.

Siku ya sita akaniuliza, "Hivi na yule ulikuwa unamfanyia hivi?"

Nilikasirika mpaka nikaongea. Tukagombana vizuri sana siku hiyo, mpaka jirani akapunguza redio asikie.

Ilinichukua karibu mwaka mzima, ndani ya ndoa ya pili, kuweza kusema kwa mdomo wangu: ndiyo, nilikuwa namfanyia. Mwaka ambao ningeutumia nikiwa peke yangu, bila mtu wa kumuumiza, niliutumia kwa gharama ya mtu mwingine. Hapo ndo naona niliwahi. Miezi saba ilikuwa sawa kwa kuacha kumpenda yule, hilo lilishaisha kitambo. Haikutosha kwa mimi kujijua ni mtu wa namna gani kuishi naye.

Na mwili nao unahesabu kivyake. Kuna orodha ya zamani ya 1967, ya Holmes na Rahe, madaktari wa akili wa Marekani, waliyapa matukio 43 ya maisha alama kwa jinsi yanavyomchosha mtu. Kufiwa na mwenzi ni 100, talaka 73, na kinachowashangaza watu, kufunga ndoa ni 50. Furaha nayo imo. Kuhama nyumba 20, kubadili shule 20. Walisema ukivuka 150 ndani ya mwaka uwezekano wa kuugua unapanda. Nikapiga hesabu yangu nyuma ya bahasha, talaka, ndoa, kuhama, nikafika 143, nikasema aa nimepona, halafu nikakumbuka na kazi nilibadilisha. Mwaka ule nywele za mbele zilinyonyoka zote nikawa nafunga vilemba, watu wananisifia nimependeza, bibi harusi mpya.

Hiyo ya kubadili shule siyo yangu lakini, ni ya mwanangu.

Alikuwa na miaka minane. Mimi nilihisi amezoea, maana alikuwa anacheka, anakula, anamuita mume wangu anko na wanaangalia mpira pamoja. Mume wangu ndo aliyegundua, siyo mimi, na hilo bado linanichoma. Akaniambia hivi unajua mswaki wa mtoto uko wapi? Nikasema si upo bafuni kwenye kikombe. Akasema kaangalie. Kwenye kikombe ipo miwili, wangu na wa mume wangu. Wa mtoto upo kwenye begi la shule, mfuko wa pembeni wa zipu. Kila asubuhi anautoa, anapiga mswaki, anaufuta kwa taulo mpaka unakauka, anaurudisha kwenye begi. Usiku hivyo hivyo. Miezi minne tunaishi pale.

Nikamuuliza kwa upole tu kwa nini. Akasema, "Ili tukiondoka nisiusahau. Siku ile niliusahau."

Siku ile, ni ile tuliyotoka kwa baba yake. Mi hata sikujua kama aliacha mswaki, nilimnunulia mwingine kesho yake na nikasahau. Nikamwambia mwanangu, hapa hatuondoki. Akasema sawa mama. Akafunga zipu.

Wataalamu wa familia za kambo wanasema kuzoeana ni suala la miaka na siyo miezi, na mi nikikumbuka ile zipu naelewa. Mtoto hakujua kwamba wakati mi nahamia chumbani kwake kimoyomoyo nimeshaondoka, aliniona tu nalala pale, alifikiri ninampenda sana. Kwake yeye ndoa ya wazazi wake ilikufa siku ile tulipobeba mabegi, na kutoka hapo mpaka mama yake anavaa gauni jipya alihesabu miezi michache tu, hesabu yake ilikuwa sawa kabisa na ya wale wa vidole. Mimi ndo nilikuwa na kalenda ya peke yangu.

Sijuti kuolewa na huyu mwanaume, niseme hilo wazi asije akasoma akanuna, ingawa yeye akinuna dakika kumi zimeisha. Ni mtu mwema na tunaenda mwaka wa tano. Ila ningemuomba tuoane mwaka mmoja baadaye na nina hakika angekubali, maana haraka haikuwa yake, ilikuwa yangu. Nilitaka kuwaonyesha. Nilitaka yule aliyeoa wiki ya kumi aone na mimi nimepata. Picha za harusi nilizipost usiku uleule, na kila simu ikilia naangalia kama kuna mtu wa upande wake ameziona. Bibi harusi gani anakaa ukingoni mwa kitanda usiku wa harusi anahesabu walioangalia stetasi?

Kwa hiyo shoga, hiyo miezi mitatu yako mimi sina neno nayo. Ninachotaka kujua ni kama huyo kaka umeshamwambia ulichokosea wewe, siyo alichokosea yule, wewe, na kwa mfano, siyo ile ya juujuu ya "na mimi nina mapungufu yangu kama binadamu". Na kama mtalaka wako akitangaza ndoa kesho asubuhi, wewe bado utataka kuolewa mwaka huu au utataka kuolewa wiki hii. Na watoto, hebu kaangalie mabegi yao.

Nimemtumia haya yote, nimeyapunguza kidogo. Ameyasoma, alama mbili za bluu nimeziona. Akaandika, "Sawa dear nimekuelewa, kwa hiyo ndiyo au hapana?" Sijajibu bado, na sasa hivi wakati naandika hapa imeingia voisi nyingine. Dakika kumi na nne.